Goti la chuma: kwa nini linahesabiwa kabla munganga hajalitia

Wazee wanaoteremka milima ya Bukavu watakuambia: kupanda kunachosha, lakini kushuka njo kunaumiza goti. Vipimo vimewapa haki. Watafiti wa Charité, ku Berlin, Ujerumani, walifuata watu watano waliotiwa magoti ya bandia yenye vipimo vya elektroniki ndani. Matokeo yao ya 2010: mutu akitembea kwenye tambarare, goti linabeba mara 2.6 hivi ya uzito wake. Akishuka ngazi, karibu mara 3.5. Mama wa kilo 60, goti lake linapata kilo 200 na kitu kila hatua. Na hapo hajabeba mzigo!

Uzito unazidi hivyo kwa sababu misuli ya paja inavuta ili usianguke, na kule kuvuta kunabana mifupa. Lakini huwezi kutia kipimo ndani ya kila mugonjwa. Basi mainjiniere wanapiga mutu kamera akitembea, wanapima namna mguu unakanyaga chini, kisha ordinateri inahesabu kila musuli unavuta kiasi gani. Kuanzia 2010 Wamarekani waliwekea hesabu hiyo mashindano: unapewa habari zote za mugonjwa isipokuwa namba ya kipimo cha ndani ya goti. Unakisia, kisha jibu linafunguliwa.

Hesabu hizo zina kazi. Magoti mengine ya zamani yalikuwa kama bawaba ya mlango, kukunja na kukunjua tu. Goti la kweli linajizungusha pia kidogo. Bawaba ikikataa ule mzunguko, nguvu inaenda kwenye mfupa, chuma kinalegea. Leo chuma kinateleza juu ya plastiki ngumu. Kama maumbo yao hayapatani, uzito unakaa pahali padogo na plastiki inalika mbio. Yakipatana kupita kiasi, goti linafungwa tena. Modeli inatafuta katikati.

Kwetu kuna jambo lingine. Kipimo cha kimataifa cha kulika kwa magoti hayo, ISO 14243, kinaiga hatua za kutembea. Hakiigi kuchuchumaa chooni, kufua nguo chini, wala kupiga magoti shambani. Kwa hiyo, mzazi wako akiambiwa atatiwa goti, muulize munganga: hili linakunjika mpaka wapi? Likilegea, operesheni ya pili ni nzito kuliko ya kwanza.