Vifuko vya mafuta vinavyobeba dawa na kitendawili cha chanjo ya malaria milimani

MALARIA ya nyanda za juu ina tabia yake. Kando ya Ziwa Victoria ugonjwa huo haubanduki mwaka mzima, lakini katika milima ya Kisii na Nyamira, ambako baridi huchelewesha ukuaji wa vimelea ndani ya mbu, hutulia kwa muda kisha ukarejea kwa kishindo mvua na joto vinapozidi. Miili ya wakazi wa huko haijavizoea vimelea hivyo, na mlipuko ukizuka hauchagui mtoto wala mzee. Gucha, iliyokuwa wilaya wakati huo na sasa ni sehemu ya Kaunti ya Kisii, ilikumbwa mwaka wa 1999. Mwaka wa 2002 janga lilirejea Gucha, na Kisii nayo haikusazwa.

Septemba 2019 Kenya ilianza kuwapa watoto chanjo ya malaria iitwayo RTS,S, uzinduzi ukifanyika Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Kaunti nane za magharibi zilitangulizwa kwa kuwa huko malaria haina likizo. Kisii na Nyamira hazikuwamo, ingawa zote mbili zinapakana na Homa Bay.

Ni rahisi kuliona suala la kuipandisha chanjo milimani kuwa la fedha na siasa tu. Lipo jingine, dogo kiasi cha kutoonekana kwa macho: kifuko cha mafuta ambacho wataalamu hukiita liposomu.

Mafuta na maji, kama ajuavyo kila mpishi, havipatani. Hata hivyo, kuna mafuta ya aina ya pekee, yapatikanayo pia katika kiini cha yai, ambayo kila chembe yake ina kichwa kipendacho maji na mikia miwili iyachukiayo. Zikitiwa majini, chembe hizo hujipanga safu mbili, mikia ikifichana katikati, kisha ukuta huo hujikunja na kuwa mfuko mdogo wenye maji ndani. Mwingereza Alec Bangham, akifanya kazi Babraham karibu na Cambridge, ndiye aliyevitambua vifuko hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Haikuchukua muda kabla ya watu kujiuliza: mbona dawa isipakiwe humo?

Katika chanjo ya RTS,S, kifuko hicho hubeba viamsha kinga. Kimojawapo hutolewa katika gamba la mti wa Chile ambao hutoa povu kama sabuni. Dutu hiyo huuchangamsha mwili upigane na vimelea, lakini ikiachwa huru hupasua chembe nyekundu za damu. Ndani ya ukuta wa kifuko imo kolesteroli, ile ile ambayo madaktari huwaonya watu wazima nayo, na hapa hufanya kazi ya heri: huishika dutu hiyo na kuizuia isidhuru. Bila kifuko, basi, kiungo hicho kingekuwa cha hatari.

Shida ni kwamba kifuko ni kiumbe dhaifu. Mafuta yake huchacha yakikutana na hewa, kuta huvuja, na vifuko viwili vikigusana huweza kuungana na kumwaga vilivyobeba. Joto huharakisha uharibifu huo. Barafu nayo ni adui, kwani chembe zake huzichana kuta. Ndiyo maana chanjo hii hutakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi, na ikiganda hutupwa. Zahanati ya mlimani yenye umeme wa kukatika-katika haina budi kuchunga pande zote mbili: friji isipate joto, na chanjo isiegemee barafu.

Ipo njia ya kuvikausha vifuko. Hutiwa sukari, vikagandishwa na kukaushwa, sukari ikishika nafasi ya maji na kuzuia kuta zisiporomoke. Hivyo ndivyo ilivyofanyiwa amphotericin B ya liposomu, dawa inayotibu kala-azar, ugonjwa unaowasumbua wakazi wa Baringo na Pokot Magharibi. Dawa hiyo ikitumiwa bila kifuko huumiza figo. Ikiwa kifukoni, madhara hayo hupungua sana. Unga wake, kabla ya kufunguliwa, hustahimili hadi nyuzi 25.

Chanjo ya RTS,S imefika nusu ya safari hiyo. Huja katika vichupa viwili: kimoja kina unga mkavu wa chanjo, cha pili kina vifuko vya liposomu, navyo bado vimo katika maji. Muuguzi huvichanganya papo hapo na kupata dozi mbili. Baada ya hapo ana saa sita. Asipotokea mtoto wa pili katika muda huo, dozi iliyobaki humwagwa.