Kutoghafilika: Mafunzo ya Uzingativu kwa Wagonjwa na Wahudumu wa Afya wa Kibiti na Delta ya Rufiji

Yupo mgonjwa ambaye kila mtoa huduma wa zahanati za Kibiti na vijiji vya delta ya Rufiji anamfahamu. Vipimo vyake husomeka vizuri, lakini mwenyewe hajambo kwa jina tu. Malaria haipo, damu inatosha, shinikizo la damu limepanda kidogo au halikupanda. Hata hivyo kichwa kinamgonga, moyo unamwenda mbio, usingizi umemtoka, na mvua ikinyesha usiku huamka kwenda kutazama maji yamefika wapi. Hupewa dawa ya maumivu akarudi nyumbani, na baada ya wiki mbili huonekana tena kwenye benchi.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ni wosia mwema kwa waliogombana, ila kwa tabibu una ukomo wake, kwani yapo yaliyopita ambayo hugeuka kuwa ndwele. Kati ya mwaka 2015 na 2017 Kibiti na maeneo jirani yalipita katika kipindi cha mauaji yaliyowalenga viongozi wa vijiji, raia na askari. Mwezi Aprili 2017 pekee, askari polisi 8 waliuawa katika shambulio moja. Aprili 2024 Mto Rufiji ulifurika, ukafunika mashamba na makazi ya maelfu ya watu wa Rufiji na Kibiti. Mwili uliopita katika hofu ya namna hiyo hujifunza kukaa macho. Hatari ikishaondoka, mwili huendelea kulinda doria: homoni za tahadhari humwagika kwa sababu ndogo, misuli hukaza, mapigo ya moyo hupanda, na mawazo huzunguka palepale.

Makala haya yanahusu mojawapo ya njia za kuusaidia mwili huo kupumzika. Njia hiyo huitwa uzingativu.

Uzingativu ni nini?

Uzingativu ni hali ya kuwa na habari ya jambo linalotokea sasa hivi, ndani ya mwili na nje yake, bila kulikimbia wala kugombana nalo. Kiswahili kina neno linaloeleza kinyume chake barabara: kughafilika. Aliyeghafilika anakula bila kujua ladha, anaitikia salamu bila kumwona anayemsalimu, anaishi katika mafuriko ya mwaka juzi au katika njaa ya mwaka kesho. Uzingativu ni kutoghafilika, nao ni stadi inayofundishika kama kusoma au kupiga kasia.

Stadi hii ilikuzwa kwa kina katika dini ya Kibudha, iliyoanza na mafundisho ya Siddhartha Gautama, aitwaye Buddha, kaskazini mwa Bara Hindi takriban miaka 2500 iliyopita. Katika lugha ya Kipali iliyohifadhi mafundisho hayo, neno lake ni *sati*, ambalo asili yake ni kukumbuka. Mwanafunzi huelekezwa kuangalia mambo manne: mwili wake pamoja na pumzi, hisia zinazopendeza, zinazochukiza na zisizo na upande, hali ya moyo, kama vile hasira au utulivu, na mawazo yanayozuka na kutoweka.

Mafundisho hayo yana mfano wa mishale miwili unaomfaa sana mgonjwa. Mtu akichomwa mshale, huumia. Kisha akianza kujilaumu, kuhofu na kuomboleza juu ya maumivu hayo, ni kana kwamba amechomwa mshale wa pili. Mafuriko yaliyochukua mpunga ni mshale wa kwanza. Hakuna zoezi la akili liwezalo kuyarudisha nyuma. Fikra inayorudi kila usiku, kwamba mimi ni mzazi asiyefaa kwa kuwa sikuokoa chochote, ni mshale wa pili. Uzingativu hushughulika na mshale huo.

Kutoka hekaluni hadi hospitalini

Mafunzo haya si mageni kabisa katika Afrika Mashariki. Upanga, jijini Dar es Salaam, lipo hekalu la Kibudha lililotokana na wahamiaji wa Sri Lanka waliofika mwanzoni mwa karne ya 20. Nchini Uganda, Bhante Buddharakkhita, mtawa mzaliwa wa nchi hiyo, alianzisha Kituo cha Kibudha cha Uganda karibu na Entebbe mwaka 2005.

Njia ya kuelekea hospitalini ilifunguliwa mwaka 1979. Jon Kabat-Zinn, aliyekuwa amejifunza taamuli ya Kibudha, alianzisha katika kitivo cha tiba cha Chuo Kikuu cha Massachusetts, Marekani, mafunzo kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Aliuchukua uangalizi wa pumzi na mwili, akaziacha ibada na itikadi. Mwaka 2004 taasisi inayoandaa miongozo ya tiba nchini Uingereza ilipendekeza mafunzo ya aina hiyo, yakiunganishwa na tiba ya fikra, kwa watu ambao sonona huwarudia mara kwa mara. Mwaka 2022 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusisha watu wazima 276 wenye maradhi ya wasiwasi. Waliopata mafunzo ya wiki 8 hawakupata nafuu pungufu kuliko waliotumia dawa iitwayo escitalopram.

Ushahidi ulio karibu zaidi na mazingira yetu unatoka kaskazini mwa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walishiriki katika utafiti wa mafunzo yaliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani, uliochapishwa mwaka 2020. Mafunzo hayo si ya Kibudha, ila yanatumia mazoezi ya kurejesha fahamu kwenye sasa. Yalitolewa katika vikao 5 vya makundi, kwa sauti zilizorekodiwa, yakisimamiwa na watu wa kawaida waliopewa mafunzo mafupi. Miezi mitatu baadaye, waliohudhuria walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao waliopata huduma ya kawaida. Hilo linatufaa: katika delta, ambako kutoka kisiwa kimoja hadi kituo cha afya ni safari ya mtumbwi inayosubiri maji kujaa, huduma inayoweza kutolewa na mhudumu wa afya wa jamii ina thamani yake.

Swali la imani

Wakazi wengi wa Kibiti ni Waislamu, na ni haki yao kuuliza kama zoezi hili litawaingiza katika dini nyingine. Mtoa huduma awajibu kwa uwazi. Aeleze chimbuko lake bila kulificha, kisha aeleze kwamba kinachofundishwa zahanati ni kuangalia pumzi na mwili, bila sanamu, bila dua, bila kiapo. Mwislamu anayejitahidi kupata khushuu katika swala, na Mkristo anayetulia kabla ya kusali, wote wanajua jinsi moyo unavyotoroka na jinsi unavyorudishwa. Asiyeridhika asilazimishwe.

Namna ya kuanza

Keti mahali penye utulivu kiasi, juu ya kiti, mkeka au kingo za mtumbwi uliofungwa. Miguu iguse chini. Macho yawe wazi, yakitazama hatua chache mbele. Sikia uzito wa mwili unavyobebwa. Kisha angalia pumzi inapoingia na kutoka, puani au tumboni, bila kuivuta wala kuizuia. Mawazo yatakuja, hiyo ni kazi yake. Ukigundua kwamba umeondoka, jiambie kimya, "Nimefikiri," urudi kwenye pumzi. Kurudi huko ndiko zoezi lenyewe, hata kama utarudi mara mia. Anza na dakika 5 kila siku, uongeze hadi 15.

Mkulima wa Rufiji aliyepanda dunguni kulinda mpunga huliona shamba lote; aliye chini katikati ya mabua huona majani yaliyo mbele ya uso wake tu. Hofu na huzuni bado zipo shambani, ila mwenye kuzingatia huziona kutoka juu. Huona pia kwamba hujaa na kupwa zenyewe, kama maji ya bamvua.

Tahadhari

Kwa mtu aliyeshuhudia mauaji au kunusurika kuzama, kufumba macho na kukaa kimya kunaweza kuamsha kumbukumbu kali. Huyo asianze na pumzi. Aanze na vitu vya nje: ataje vitu vitano anavyoviona, asikilize sauti tatu, asikie nyayo zake ardhini, au atembee polepole akizihesabu hatua. Kumbukumbu ikimzidi, aache zoezi, anywe maji, azungumze na mtu anayemwamini.

Mwenye dalili za kusikia sauti wasizozisikia wengine au kupotewa na uhalisia asipewe taamuli ya muda mrefu. Apelekwe kwa mtaalamu wa afya ya akili. Anayesema hataki tena kuishi asiachwe peke yake, na afikishwe hospitali siku hiyohiyo. Wala mtu yeyote asiache dawa za shinikizo, kifafa, sonona au virusi vya UKIMWI kwa sababu ameanza kuzingatia pumzi. Tena, aliyepoteza nyumba anahitaji nyumba. Kumfundisha kupumua bila kumwelekeza kwenye msaada wa chakula na makazi ni kumdharau.

Kwako, mtoa huduma

Muuguzi aliye peke yake zamu nzima, ambaye naye maji yaliingia kwake, pia ni mtu wa kutunzwa. Hahitaji saa ya ziada. Kila anaponawa mikono kati ya mgonjwa na mgonjwa, asikie ubaridi wa maji, ashushe mabega, avute pumzi tatu kwa fahamu kamili, ndipo aite anayefuata. Akiwa na habari ya uchovu wake, hatamkaripia mgonjwa kwa sababu yake.

Mgonjwa yule wa benchi akirudi, apimwe tena kwa uangalifu, kwa kuwa hofu haizuii maradhi mengine. Kisha aulizwe swali ambalo huenda hajaulizwa: usiku ukiamka, unawaza nini? Asikilizwe hadi mwisho bila kukatizwa. Usikivu huo wa mtoa huduma ndio somo la kwanza la uzingativu atakalolipata mgonjwa. Zoezi la pumzi linaweza kufuata siku hiyohiyo, wakiwa wameketi pamoja, kwa dakika tano.