Wazee, Mnajua Jina Lenu Limeandikwaje CRB?

Mama mmoja wa miaka 68 alikuja ofisini kwetu akiwa na huzuni. Aliomba mkopo wa kununua ng'ombe wa maziwa, akaambiwa amewekwa CRB. Yeye hajawahi kukopa hata shilingi! Tulipoisoma ripoti yake tukakuta mikopo mitatu ya simu. Ilichukuliwa kwa laini aliyomsajilia mjukuu wake kwa kitambulisho chake.

CRB ni kampuni zinazoweka kumbukumbu za watu waliokopa, waliolipa na walioshindwa kulipa. Zenye leseni ya Benki Kuu ya Kenya ni TransUnion, Metropol na Creditinfo. Benki hutazama huko kabla ya kukopesha.

Kuna pia huduma ya kulipia, ya kukuchungia rekodi na kukutumia ujumbe inapobadilika. Wazee wanatuuliza, je, tujiunge? Sisi tunashauri hivi:

1. Anza na cha bure. Sheria inampa kila mtu haki ya kupata ripoti yake bure mara moja kwa mwaka. Omba kwa kampuni zote tatu, maana kumbukumbu zao huenda zisilingane.

2. Kama una laini ya Safaricom, piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoijua, ikatae.

3. Ukitaka kulipia, uliza kwanza. Ni pesa ngapi kwa mwezi? Nikichoka, naachaje? Mnachunga rekodi za CRB moja ama zote? Ujumbe utafika hata kwa simu ya mulika mwizi? Kuna mtu wa kuongea naye kwa Kiswahili? Wakikosa kukujibu waziwazi, waache.

4. Chagua mtu wa kukusaidia kusoma ujumbe. Asiwe yule yule anayeishika simu yako kila siku. Na hata huyo, usimpe PIN.

5. Mtu akikupigia akitaka PIN ama pesa ndiyo "akutoe CRB", huyo ni mwizi. Ukiona kosa kwenye ripoti, peleka malalamiko CRB kwa maandishi. Ni wajibu wao kuchunguza.

Tusidanganyane: huduma hizi hazizuii wizi. Ni kama mbwa anayebweka usiku. Kuamka na kutoka nje ni kazi yako mwenyewe. Mzee asiyefungua ujumbe wake analipia bure.

Na kuna jambo gumu zaidi. Mama yule tulimweleza kwamba akisema mikopo si yake, huenda mambo yakafika polisi. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Ni mtoto wa binti yangu." Sasa mjukuu analipa kidogo kidogo, na ng'ombe bado hajanunuliwa. Ndiyo sababu tunawaomba, wazee wetu, msisajilie mtu laini kwa kitambulisho chenu, hata awe mpendwa namna gani. Kumnyima laini leo ni afadhali kuliko kumshtaki kesho.