Funza wa Puani: Kinachosomwa kwa Jicho na Kinachosomwa kwa DNA

Kondoo wa Subukia, nchini Kenya, anayepiga chafya mfululizo, akasugua pua chini na kutoa kamasi nzito, huenda amebeba mabuu ya nzi aitwaye Oestrus ovis. Jike wa nzi huyu hatagi mayai. Hurusha mabuu walio hai, wa urefu wa milimita 1 hivi, kwenye matundu ya pua. Mabuu hupanda hadi ndani ya mifupa ya paji, hukua kufikia karibu sentimita 3, kisha hutoka kwa chafya na kujifukia udongoni wawe pupa. Nzi mkomavu hali kitu. Hutegemea akiba aliyojiwekea akiwa buu.

Funza hao wakizidi, kondoo huyumba na kuzungukazunguka, sawasawa na yule mwenye malengelenge ya tegu wa mbwa kwenye ubongo. Dawa ya ivermectin huwaua funza lakini haimgusi tegu, kwa hiyo anayetibu kwa kubahatisha hupoteza pesa na mnyama.

Kichwa kikipasuliwa baada ya kuchinja, jibu hupatikana nyuma ya buu, penye sahani mbili ngumu za kupumulia. Za Oestrus zina umbo la herufi D, vitundu vingi na kifungo katikati. Gasterophilus wa tumboni mwa punda ana mipasuko mitatu iliyopinda. Mabuu wa vidondani wana mipasuko mitatu iliyonyooka: pete inayoizunguka ikiwa imefungika ni Lucilia, ikiwa wazi ni Chrysomya, jamii yenye spishi inayokula nyama hai. Lenzi nzuri yatosha, na ni rahisi kuliko maabara yoyote.

Buu mchanga au aliyepondeka ndiye huhitaji DNA. Husomwa kipande cha jeni ya COI, herufi 650 hivi, ambacho Paul Hebert na wenzake wa Kanada walikipendekeza mwaka 2003 kuwa kitambulisho cha wanyama. Lakini herufi hizo hazitaji jina lolote. Hulinganishwa na za kielelezo ambacho mtaalamu alikwisha kukitambua kwa umbo, na kielelezo kikiwa na jina lisilo sahihi, kosa huendelea kunakiliwa.

Anayepeleka sampuli awatie mabuu kwenye maji moto kwanza wasisinyae wala kuwa weusi, kisha awahifadhi katika ethanoli. Formalini hulinda umbo, lakini huharibu DNA.