KIOO KIKO HAPA, KAZI INAFANYIKA KULE



Huku Masisi na Walikale wengi wetu tunajifunza kompyuta ubaoni: mwalimu anachora klavye kwa chaki, sisi tunanakili katika kaye. Halafu mashine zikipatikana, mara nyingi ni za zamani, hazina nguvu, na watu wanasema hazifai. Sisi tunasema zisitupwe kwanza.

Kompyuta iko na kazi mbili, kufikiri na kuonyesha, na hizo zinaweza kutengana. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT kule Marekani, Bob Scheifler na Jim Gettys walianzisha X. Toleo la 11 lilitoka 1987, na hata leo linatumika katika Linux. Kwa X, programu inafanya kazi ndani ya kompyuta nyingine, lakini dirisha lake linafunguka mbele yako. Ukibonyeza, habari inaenda kule. Kule kunajibu: chora mstari hapa, andika herufi hii. (Kinachochekesha, katika X ile mashine ya mbele yako njo inaitwa seva, sababu ndiyo inayotoa kioo na klavye.)

Basi mashine moja yenye nguvu, pamoja na waya, inaweza kutumikia darasa. Zile nzee zinaonyesha tu. Lakini hiyo moja ikizimika, wote wamezimika.

Je, kompyuta ya Goma au Ulaya? Inawezekana, ila uvumilivu! Kuna satelaiti za mawasiliano zilizo km 36.000 juu ya ikweta. Habari ipande, ishuke, jibu lipande, lishuke: km 144.000. Hata mwanga unatumia karibu nusu sekunde, na X inauliza mara nyingi kwa dirisha moja. Tena mtandao ukikatika, kwa kawaida programu inakufa pamoja na kazi isiyohifadhiwa. VNC, iliyotengenezwa Cambridge, Uingereza, inatuma picha ya kioo tu. Ukirudi unakuta dirisha lako lingali wazi kule.

Jambo lingine. Vita vilipofika Masisi-centre mwezi wa 1, 2025, na Walikale-centre mwezi wa 3, watu walikimbia na walichoweza kubeba. Kazi za darasa zima zikiwa katika mashine moja, kuna diski moja tu ya kuchomoa.

Wa darasa la 6 wanaotaka kujaribu, waje Jumamosi baada ya salongo. Tutaanza na mashine mbili, waya mmoja, na amri hii: ssh -X.