Kamshafti Moja au Mbili? Shauri kwa Wanaotaka Kuongeza Nguvu ya Injini katika Meru na Embu

Mtu asafiriye kwa motokaa kutoka Embu hadi Meru hana budi kuvuka mito mingi iteremkayo kutoka Mlima Kenya. Akiisha kupita Runyenjes atavuka Thuci. Akiisha kupita Chuka atavuka Nithi. Kisha Mutonga, na mingine mpaka afike Kathita, mjini Meru. Kila mto una bonde lake, na kila bonde lina mteremko, kona na kilima. Katika njia ya namna hii ndipo injini njema hutambulikana, na mbovu huaibika.

Basi si ajabu kwamba vijana wenye kupenda motokaa, na wachukuzi wa miraa wanaoshindana na saa, huwauliza mafundi swali hili: "Je, injini ya kufanyia kazi ya mbio iwe na kamshafti moja juu, au mbili?" Swali hili si la mzaha. Mwenye kuuliza aghalabu ameshika fedha za kahawa, za chai au za miraa alizozichuma kwa mwaka mzima, naye akichagua vibaya hazitarudi. Kwa sababu hiyo yafaa tulieleze jambo hili tangu mwanzo wake.

KAZI YA KAMSHAFTI

Katika kila silinda hewa huingia na moshi hutoka kwa milango midogo iitwayo valvu. Kamshafti ni mtaimbo wenye nundu. Unapozunguka, nundu husukuma valvu ikafunguka, kisha springi huirudisha ikajifunga. Krenki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja. Kwa hiyo injini iendayo mizunguko 6,000 kwa dakika hufungua kila valvu mara 3,000 kwa dakika, yaani mara 50 kwa sekunde moja. Msomaji na afikiri jinsi springi ile ndogo inavyotaabika!

Katika injini nyingi za zamani kamshafti ilikaa chini, kando ya silinda, nayo ilizisukuma valvu kwa fimbo ndefu. Vyuma hivyo vyote vina uzito, na mbio zikizidi springi hushindwa kuvirudisha kwa wakati wake. Ndipo wahandisi wakaipandisha kamshafti juu, ndani ya kichwa cha injini. Ikiwa ni moja, hiyo hiyo hufungua valvu za hewa na za moshi, mara nyingi kwa vyuma vya kubembea vilivyo kati yake na valvu. Zikiwa mbili, moja hushika valvu za hewa, na ya pili hushika za moshi.

Faida za kamshafti mbili ni tatu. Kwanza, nundu yaweza kukaa juu ya valvu yenyewe, na vyuma vya kuendeshwa huwa vichache na vyepesi. Kwa hiyo injini huweza kwenda mbio zaidi bila valvu kuchelewa. Pili, hubaki nafasi ya kuweka plagi katikati, mahali pafaapo kuwashia moto. Tatu, fundi aweza kubadili majira ya valvu za hewa pasipo kugusa yale ya valvu za moshi.

MAMBO MATATU YANAYOWADANGANYA WATU

La kwanza ni kudhani kwamba kamshafti mbili ndizo zinazoleta valvu nne katika kila silinda. Sivyo. Ziko injini za Honda na za Subaru zenye kamshafti moja tu kichwani, na kila silinda ina valvu nne.

La pili ni kudhani kwamba kila injini ya kamshafti mbili ni ya mbio. Mfano mzuri ni Toyota. Injini yake iitwayo 4A-GE ilitengenezwa kwa kwenda mbio. Ndugu zake, 4A-FE na 5A-FE, ambazo wengi wanazijua kwa sababu ya Corolla, zina kamshafti mbili vile vile; lakini hizo zilikusudiwa kupunguza petroli. Ukanda huzungusha kamshafti moja, na giya ndogo huizungusha ya pili. Hata Probox, gari la mizigo, ina injini ya 1NZ-FE yenye kamshafti mbili. Basi anayelipa fedha nyingi kwa sababu tu ameambiwa "ina kamshafti mbili" amenunua jina.

La tatu ni katika hesabu yenyewe. Silinda za Subaru zimelala, mbili upande huu na mbili upande ule, na kila upande una kichwa chake. Kwa hiyo injini yake iitwayo ya kamshafti moja ina kamshafti mbili kwa jumla, na ile iitwayo ya mbili ina nne. Anayetaka kuipandisha kutoka aina moja hadi nyingine asisahau kwamba atanunua vichwa viwili.

Hata katika magari ya dizeli mambo ni hayo. Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L zina kamshafti moja. Zile za 2KD zilizozifuata zina mbili. Madereva wanaposema kwamba 2KD hupanda vilima vizuri zaidi, wasema kweli. Lakini sababu kubwa ni tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi wa injini ikashindilia hewa ndani ya silinda, pamoja na pampu inayopuliza dizeli kwa nguvu nyingi sana. Kamshafti ya pili ni msaidizi tu.

USHAHIDI WA MASHINDANO YA SAFARI

Kama mtu ataka ushahidi, na autazame katika mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953 kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, na ambayo zamani yalipita pia katika njia za udongo mwekundu zinazozunguka Mlima Kenya.

Mwaka 1965 Joginder Singh alishinda kwa Volvo PV544, na mwaka 1966 na 1967 Bert Shankland wa Tanzania alishinda kwa Peugeot 404. Motokaa hizo zote zilikuwa na kamshafti ya chini na fimbo ndefu. Mwaka 1970 na 1971 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun zenye kamshafti moja juu. Mwaka 1972 Hannu Mikkola wa Ufini alileta Ford Escort RS1600 yenye kamshafti mbili na valvu 16, akashinda. Je, ndio ulikuwa mwisho wa kamshafti moja? La! Mwaka 1973 Shekhar Mehta alishinda kwa Datsun 240Z, na mwaka 1974 Joginder Singh akashinda tena kwa Mitsubishi Lancer. Zote mbili ni za kamshafti moja. Mwaka 1975 Peugeot 504 ikashinda kwa fimbo ndefu za kizamani.

Kisha, mwaka 1984, 1985 na 1986, Toyota Celica ya kamshafti mbili na tabo ilishinda mara tatu mfululizo. Na mwaka 1987 Mikkola akarudi na Audi 200 ya kamshafti moja na tabo, akaupata ushindi. Fundisho ni wazi. Katika njia mbovu, injini inayofika ndiyo inayoshinda, na nundu zake hazihesabiwi na mtu.

HEWA YA MLIMANI

Injini huvuta hewa, na kadiri mtu anavyopanda juu, hewa huwa nyepesi. Kwa kila meta 1,000 injini isiyo na tabo hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake. Embu iko kiasi cha meta 1,350 juu ya bahari, Meru iko juu zaidi, na njia ya Timau hupita meta 2,000. Hasara hii huzipata injini zote, za kamshafti moja na za mbili. Tabo iliyofungwa vema huirudisha sehemu kubwa ya hasara hiyo. Kamshafti ya pili haiwezi.

Tena, injini iliyotengenezwa kwa mizunguko ya juu haiamki mpaka ipite mizunguko 4,000 au zaidi. Katika kona za kupanda kutoka mtoni, gari likiwa na mzigo, dereva huhitaji nguvu ya kukokota iliyo chini. Injini ya nundu kali hapo hulegea, naye hulazimika kubadili giya kila mara. Itanguruma sana, lakini debe tupu haliachi kuvuma.

SHAURI LETU

1. Kama gari ni la mizigo au la kwenda kazini, baki na injini uliyo nayo, hata ikiwa ya kamshafti moja. Pima mbano wa silinda, rekebisha tapeti, safisha rediata, badili vichujio. Mara nyingi nguvu unayoitafuta ni ile iliyopotea kwa uchakavu.

2. Kama gari ni la mashindano halisi, katika njia zilizofungwa, na injini itafanya kazi siku zote juu ya mizunguko 5,000, chagua kamshafti mbili. Lakini inunue injini nzima pamoja na kompyuta yake, nyaya zake na bomba zake za moshi. Kuunganisha vipande vya injini mbalimbali ni gharama isiyo na mwisho.

3. Uliza kama kamshafti huzungushwa kwa ukanda au kwa mnyororo. Ukanda una umri wake. Kwa injini nyingi ni kiasi cha kilomita 100,000, kama kitabu cha injini kinavyoagiza. Katika injini nyingi ukikatika, pistoni hugonga valvu. Na penye kamshafti mbili na valvu 16 hasara ni kubwa. Injini iliyotumika ng'ambo haina historia, kwa hiyo badili ukanda kabla ya kuiwasha.

4. Injini ikibadilishwa, namba yake lazima iandikishwe kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, na kampuni ya bima iarifiwe. Usiponyoosha hayo, siku ya ajali utajikuta peke yako.

5. Kabla ya kuongeza nguvu ya kwenda, ongeza nguvu ya kusimama. Breki, tairi na usukani vitangulie.

Shauri hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Mwezi wa Julai 2022 basi lilitumbukia katika bonde la Nithi, na watu zaidi ya 30 wakafa. Kila apitaye daraja lile alijua hivyo. Injini ya kamshafti moja yaweza kukufikisha mtoni kwa mbio za kutosha kukuua, na ya mbili hukufikisha upesi zaidi. Mwenye busara atahesabu kwanza mteremko wa njia yake, kisha fedha zake, na kamshafti atazihesabu mwisho.