Je, Wajua? Simu Inapouliza "Mambo?"

Je, wajua kwamba kuna jaribio la kitabibu ambalo silaha yake ilikuwa swali la "Mambo?" Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2010 katika The Lancet. Watu 538 wa Kenya waliokuwa wakianza dawa za ARV waligawanywa makundi mawili, na kundi moja likawa linatumiwa salamu hiyo kila wiki kwa ujumbe wa simu. Aliyejibu "Sawa" aliachwa na shughuli zake. Aliyejibu "Shida", au aliyenyamaza saa 48, alipigiwa simu na mhudumu wa kliniki. Salamu haikutaja dawa wala VVU, hivyo hata shemeji akiishika simu hakuna siri inayovuja. Asilimia 62 ya waliosalimiwa walisema wanameza dawa ipasavyo. Kwa wasiosalimiwa ilikuwa asilimia 50. Na kwa kuwa mdomo husema utakalo, damu nayo ilipimwa: virusi vilidhibitiwa kwa asilimia 57 ya waliosalimiwa, dhidi ya 48 ya wasiosalimiwa.

Basi tusalimiane kila siku? Hapana! Katika utafiti mwingine wa watumiaji wa ARV huko Chulaimbo, karibu na Kisumu, waliokumbushwa mara moja kwa wiki walizingatia dawa vizuri kuliko wasiokumbushwa, asilimia 53 kwa 40. Waliokumbushwa kila siku hawakuwapita wasiopata ujumbe wowote. Kurefusha ujumbe kwa maneno ya kutia moyo nako hakukuongeza kitu. Waandishi wa jumbe za kampeni, mpo?

Wajua kwamba Uingereza ilijaribu njia hiyo kwa wavuta sigara 5,800? Baada ya miezi sita, asilimia 10.7 ya waliopata jumbe za kuwasaidia walikuwa wameacha kabisa, dhidi ya 4.9 ya wasiozipata. Huko nako hawakuaminiwa kwa maneno: mate yalipimwa.

Zanzibar ilikwenda mbali zaidi. Katika utafiti uliohusisha wajawazito 2,550 na vituo 24 vya afya, ujumbe uliandamana na vocha ya muda wa maongezi, ili mama aweze kumpigia mkunga. Asilimia 60 ya waliovipata walijifungua mikononi mwa mhudumu mwenye ujuzi. Kwa wasiovipata ilikuwa asilimia 47. Lakini nafuu hiyo ilikuwa ya mjini. Kwa wanawake wa shamba haikuonekana, na sishangai: vocha haijengi barabara wala haileti gari usiku.

Na je, wajua kwamba si wagonjwa tu wanaohitaji kukumbushwa? Katika vituo 107 vya vijijini nchini Kenya, wahudumu wenyewe walitumiwa kwa miezi sita maelekezo ya kutibu malaria ya watoto kwa dawa ya mseto, kila ujumbe ukisindikizwa na kauli ya kuchangamsha. Matibabu sahihi yaliongezeka kwa pointi 23.7 za asilimia. Jumbe zilipokoma, watafiti walisubiri miezi sita mingine wakarudi kupima. Ongezeko lilikuwa bado lipo: pointi 24.5.